Shibiri Moja ya Kahawia

Saa tatu kasorobo Rosalba Scigliano
anafungua mlango wa mbele wa kasri,
mlango ambao nyanya yake hakuwahi kuupita.
Nyanya alipitia jikoni, kapu kichwani,
akijifuta miguu kwenye gunia,
akingoja kuitwa kwa jina lisilo lake:
Wewe wa mashuka.

Siku hizi ni makumbusho.
Kumkumbusha nani, hawajaandika.

Ghorofa ya chini ni ya waliooza.
Vizito vya udongo, arobaini na saba,
vimepangwa juu ya kitambaa cheusi kama magego,
kila kimoja na tundu lake kichwani.
Vilining'inia kwenye kitanda cha mfumi
kama timazi za waashi, vikiuvuta mtande chini,
kwa maana nguo haifumwi kwa uzi uliolegea.
Kisha uzi ukaoza, nguo ikaoza,
mkono nao.
Ukabaki uzito.

Haya huwaambia watoto wa shule
wanaotafuna ubani na kutafuta mifupa.
Mmoja akauliza: Na aliyefuma?
Rosalba akatazama saa yake.

Juu, kwenye ukumbi alikochezea dansi baroni,
chini ya malaika waliobanduka rangi mapajani,
limetandazwa blanketi.
Blanketi la jinestra, kile kichaka cha maua ya manjano
kinachoota hata kwenye makaburi ya milima hii.
Kikatwe Agosti. Kichemshwe na majivu.
Kilazwe mtoni siku nane, mawe juu yake,
kisha kipigwe, kipigwe,
mpaka ukuni usahau kuwa ukuni.
Ukikosea siku moja umepata kuni tu, na vidonda.

Kibao: Blanketi la harusi. Jinestra na sufu.
Mfumi hajulikani.

Hajulikani!
Tazama pindo la kushoto, karibu na ncha:
wekundu unakatika ghafla,
inaingia kahawia, shibiri moja.
Wataalamu wawili waliinama hapo, miwani puani,
wakaandika: huenda ni kinga dhidi ya kijicho.
Rosalba alikuwa nyuma yao, ameshika ndoo.
Kinga!
Sufu nyekundu iliisha, baroni akabana mkono,
na harusi haimngoji mfumi.
Nyanya alizifumua soksi za mumewe,
akamalizia.
Babu alisimama kanisani, safu ya mwisho,
miguu mitupu ndani ya viatu.

Amemwandikia mkurugenzi mara mbili.
Jibu lilikuja na muhuri: pana haja ya hati.
Soksi hazina hati.

Jumatatu kasri hufungwa.
Rosalba anavaa glovu nyeupe, anafuta vumbi,
anainua kizito namba thelathini na moja,
na huko chini, upande usioonwa na mtu,
dole gumba.
Lilibonyezwa udongo ungali mbichi,
kabla ya tanuri, kabla ya Warumi,
mistari yake myembamba kama ya kisiki kilichokatwa jana.
Anavua glovu, jambo lililokatazwa.
Anaweka dole lake.

Haliingii.

Lilikuwa dole la mtoto. Miaka tisa, labda kumi,
ameambiwa bonyeza hapa, na wewe tusaidie.
Rosalba anakaa juu ya ngazi ya kufutia taa
muda mrefu, kizito kiganjani,
kimepata joto kama yai.

Anakirudisha, ila amekigeuza:
dole sasa linatazama kioo.
Hilo ndilo kosa lake lote. Waandike hilo.

Alhamisi wakaja wengine, ubani uleule.
Na aliyefuma?
Huyu wa chini, akasema, alikuwa mdogo kama wewe.
Wa juu aliitwa Nunziata.
Twende nikuonyeshe soksi.